Tokyo iangalie chini kwanza, maghorofa baadaye

Kila mwezi lazima nipate meseji ya mtu anaenda Tokyo, ana siku nne, anauliza aanzie wapi, alafu anaambatanisha listi yake: Shibuya, Asakusa, Skytree, Akihabara, Shinjuku. Listi haina shida. Shida ni vile watu wanavyoizunguka, yaani unazama stesheni hii unaibukia ile kama fuko, siku ya nne unarudi umeona sehemu kumi na hujui hata moja imekaaje na mwenzake. Mi ni mpima ardhi, mkate wangu ni kujua wapi pamepanda wapi pameshuka, na Tokyo nliielewa siku nliyoacha kukodolea maghorofa nikaanza kuangalia ninapokanyaga.

Nlijifunza kwa jasho lakini. Safari ya kwanza ramani ya simu iliniambia nlipofikia ni dakika sita toka stesheni, nikasema poa, kumbe katikati kuna ngazi za kupandisha kilima na mi nina begi la kilo 23. Mpima ardhi mzima, aibu tupu.

Sasa iko hivi. Magharibi ya Tokyo imekaa juu ya uwanda ulioinuka unaoitwa Musashino, mashariki ni tambarare ya chini ya mto Sumida na ghuba, sehemu nyingine ni bahari waliyoifukia kwa vifusi. Ukingo wa ule uwanda haukunyooka, vijito vimeutafuna mpaka umekuwa kama kiganja kilichopanuliwa, kidole ni kilima, kati ya vidole ni bonde. Zama za mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, mji ukiitwa Edo, mabwana wakubwa wengi walikaa juu, mafundi na wachuuzi wakabanana chini. Kule juu ndo Yamanote, chini ndo Shitamachi, na hayo majina watu wanayatumia mpaka leo. Viwanja vya wale mabwana ndo bustani na vyuo unavyopiga picha sasa hivi: Shinjuku Gyoen ilikuwa ya ukoo wa Naito, Chuo Kikuu cha Tokyo pale Hongo palikuwa kwa ukoo wa Maeda na geti lao jekundu la 1827 bado limesimama. Kwahiyo ukishangaa jiji limebanana hivi alafu ghafla hekta 58 za majani, ujue palikuwa kwa mtu. Isipokuwa msitu wa Meiji Jingu, ule unaonekana wa kale ila ni wa kupandwa, hekalu lilifunguliwa 1920 na miti kama laki moja ililetwa na wananchi toka kila pembe ya nchi.

Jifunze vineno viwili tu. "Ya" kwenye majina mengi ni bonde, "saka" au "zaka" ni mteremko. Mitaa mingi haina majina kabisa, anwani zinaenda kwa namba za bloku, lakini miteremko kibao ina majina yake. Shibuya basi ni bonde, Dogenzaka inashuka toka upande mmoja na Miyamasuzaka upande wa pili, zinakutana pale chini karibu na kile kivuko maarufu cha waenda kwa miguu. Na ukija na treni ya chini ya ardhi ya laini ya Ginza, utashukia ghorofa ya tatu! (Ya tatu kwa hesabu yao, wao pa chini kabisa wanapaita ya kwanza.) Treni haijapaa, ardhi ndo imeshuka. Mto uliochimba hilo bonde upo bado, sehemu yake waliifunika kipindi cha kujiandaa na Olimpiki ya 1964, na wale wanaonunua viatu mtaa wa Cat Street wanatembea juu yake. Ndo maana kale kamtaa kamepinda pinda, hakuna mhandisi anayechora vile kwa hiari yake.

Ukinipa nusu siku tu mi nakupeleka Yanaka. Unashukia Nippori, unatokea magharibi, unapita makaburi ya Yanaka ambako shogun wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, amelala nyuma ya uzio, hapo uko juu ya kilima. Alafu unashuka ngazi wanaziita Yuyake Dandan, za machweo, zinaangalia magharibi kwahiyo nenda jioni jioni, chini yake kuna kamtaa ka maduka ambapo unanunua katlesi ya nyama ya moto unakula umesimama pale pale dukani, usitembee nayo, na mapipa ya taka huko ni adimu kwelikweli. Eneo hili moto wa tetemeko la 1923 na mabomu ya 1945 uliliruka kwa kiasi kikubwa, ndo maana nyumba za mbao na vichochoro bado vipo. Ukiwa bondeni tafuta Hebi-michi, njia ya nyoka. Mto tena! Ulikuwa unaitwa Aizome, umezikwa, ila ukifuata mapindo yake kwenda kusini unafuata maji yalivyokuwa yakienda, na yalikuwa yanaingia bwawa la Shinobazu pale Ueno, ambalo Julai na Agosti linajaa mayungiyungi mpaka maji huyaoni. Ukimaliza bwawa panda kilima. Hapo 1868 watu wa shogun walipigana vita yao kwenye viwanja vya hekalu la Kan'ei-ji wakashindwa, karibu kila kitu kikaungua, serikali mpya ikataka kujenga hospitali, daktari mmoja Mholanzi akawashauri wafanye bustani, 1873 ikawa bustani.

Asakusa mtaenda tu hata nisiposema. Ila ukishavuka Sumida usiishie mnara wa Skytree, teremka kusini mpaka Koto kwenye mifereji. Huku viwanda vilivuta maji ya ardhini miaka mingi mpaka ardhi yenyewe ikadidimia, kuna mitaa iko chini ya usawa wa bahari, ili uuone mto unapanda ngazi za ukuta. Pale Ogibashi kuna geti mbili kwenye mfereji, upande wa magharibi maji yanapanda na kushuka na bahari, mashariki wanayashusha makusudi yasiwafikie watu, tofauti inaweza kufika mita tatu. Boti inaingia katikati, geti linafungwa nyuma yake, maji yanaanza kupanda taratibu, we umesimama darajani unaangalia. Mi nlikaa hapo nikasahau kabisa chakula cha mchana.