Mapigano ya Dybbøl hayakuwa mwisho wa vita vya 1864

Mapigano ya Dybbøl ni shambulio la Aprili 18, 1864, katika vita ambavyo Denmark ilipigana na Prusia (ufalme wa Kijerumani) na Austria kugombea majimbo ya Schleswig na Holstein. Siku hiyo jeshi la Prusia, likiongozwa na Mwanamfalme Friedrich Karl, liliziteka ngome 10 za udongo ambazo Wadenmark walikuwa wamejichimbia ndani yake mkabala na mji wa Sønderborg, baada ya wiki kadhaa za kuzipiga kwa mizinga. Kwa upande wa maana, hayo yanatosha.

Linalohitaji maelezo zaidi ni mazoea ya kulibebesha jina hilo vita vizima, hata ikaandikwa kwamba Denmark ilisalimu amri siku ile na kuziachia Schleswig na Holstein. Haikuwa hivyo. Wadenmark walionusurika walivuka madaraja wakaingia kisiwa cha Als, na manowari zao ziliendelea kutawala bahari. Mei 9 zilizishinda meli za Austria na Prusia karibu na kisiwa cha Heligoland, katika Bahari ya Kaskazini. Wakati huo mkutano wa mataifa ulikwisha kufunguliwa London tangu Aprili 25, na mapigano yakasitishwa kuanzia Mei 12. Mkutanoni lilijadiliwa pendekezo la kuigawa Schleswig, ambalo lingeiachia Denmark sehemu ya kaskazini, lakini pande mbili hazikuafikiana mpaka upite wapi, na mkutano ukavunjika Juni 25 bila matokeo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pazito kuliko pote katika habari hii, kwa sababu Denmark ilipoteza mezani nafasi ambayo kushindwa kwake Dybbøl kulikuwa hakujaiondoa.

Siku 4 baadaye, Juni 29, Waprusia walivuka mlango-bahari kwa mashua kabla ya mapambazuko wakaitwaa Als. Serikali ya Copenhagen ikabadilishwa, ikaomba amani, na mkataba ukatiwa saini Vienna Oktoba 30.

Inaeleweka kwa nini Dybbøl imeyafunika yote hayo, kwani watu wengi walikufa pale ndani ya saa chache, na Denmark huwakumbuka kila Aprili 18. Hata hivyo, anayetafuta pigo lililoilazimisha Denmark kuomba amani ataje Als, na anayetaka mapigano ya mwisho kati ya Wadenmark na Waprusia ataje Lundby, Julai 3, ambako kikosi cha Wadenmark kilishambulia kwa singe na kuangushwa na bunduki za Waprusia kwa muda mfupi sana.