GL-4 na GL-5: namba hii si daraja la ubora

Juma lililopita nilikuwa katika duka moja la vipuri hapa Kampala nikitafuta oili ya giaboksi ya pikapu yangu, ambayo umri wake unamzidi kijana aliyekuwa akinihudumia. Nilimwomba GL-4. Akanitazama kwa huruma, akashusha kopo la GL-5 kutoka rafu ya juu na kuniambia, "Mzee wangu, nne ni ya zamani, tano imeshaipita. Ongeza pesa kidogo tu." Maneno hayo nimeyasikia kwa mafundi, kwa madereva wa matatu na hata kwa watu waliosomea umakanika, na kwa kuwa husemwa kwa nia njema, hakuna anayeyapinga.

Maana yenyewe ni fupi. GL ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kilainishi cha gia, na namba inayofuata hutoka katika mpangilio wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, yaani API, unaoonyesha oili imetengenezwa kwa gia za aina gani na kwa mzigo wa namna gani. GL-4 inafaa giaboksi nyingi za gia za mkono. GL-5 ni ya gia za haipoidi, ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya difu, yaani kile kisanduku cha gia kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu. Watu huisoma namba hiyo kama darasa la shule, ambapo aliye la tano amekwisha kufaulu la nne. Ingefaa waisome kama namba ya spana: kumi na tatu si bora kuliko kumi na mbili, na ukiilazimisha kwenye nati ya kumi na mbili utazila kingo zake.

Neno haipoidi ndilo la kuangaliwa kwa makini, maana mkanganyiko wote umeanzia hapo. Lilikatwa kutoka neno refu zaidi, haipaboloidi, ambalo ni jina la umbo la hisabati linalofanana na kinu kilichobanwa kiunoni. Katika difu ya aina hiyo, pinioni, yaani gia ndogo inayozungushwa na propela shafti (mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi), haielekei katikati ya krauni, ile gia kubwa ya duara, bali imeshushwa chini ya kitovu chake. Mpango huo uliingia kwenye magari katika miaka ya 1920 na kuwawezesha watengenezaji kushusha propela shafti, na pamoja nayo sakafu ya gari. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu moja juu ya jingine. Huteleza pia kwa urefu wake huku yakikandamizana vikali, kiasi kwamba utando wa oili ya kawaida hukatika na chuma kikagusa chuma. Ndiyo sababu GL-5 hutiwa viongezi vya salfa na fosforasi kwa wingi, takriban mara mbili ya vile vilivyomo ndani ya GL-4. Joto linapopanda pale meno yanapogusana, viongezi hivyo hushikana na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba, ambayo husuguliwa badala ya jino lenyewe. Ile harufu inayokataa kutoka mikononi hata baada ya sabuni ni ya hiyo salfa.

Ndani ya giaboksi mambo ni tofauti. Meno yake hayatelezi kwa ukali wa namna ile, lakini humo mna kitu ambacho difu haina, nacho ni sinkronaiza, au sinkro kama inavyoitwa gereji. Jina hilo limejengwa kwa Kigiriki, "syn" lenye maana ya pamoja na "khronos" lenye maana ya wakati, kwa kuwa kazi yake ni kuvifanya vyuma viwili vinavyozunguka kwa kasi mbalimbali vifike kwa wakati mmoja. Cadillac iliileta sokoni mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kila alipobadili gia, na aliyekosea alisikika mtaa mzima. Ukisukuma leva ya gia, ringi ya sinkro hubanwa juu ya koni ya chuma, na msuguano kati yake huongeza au hupunguza kasi mpaka meno yalingane na gia iingie bila kelele. Neno lenye uzito hapo ni msuguano. Ringi ile ni breki ndogo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayepaka breki kitu cha kuzitelezesha. Oili ya giaboksi inatakiwa kulainisha meno na papo hapo kuiacha ringi ishike, na hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. GL-5, ambayo haikuundwa kwa kuifikiria sinkro, mara nyingi huwa na utelezi usioifaa. Gia ya pili ikaanza kugoma na kulia asubuhi, na fundi akalaumu klachi.

Hapa inanibidi niwasahihishe na walio upande wangu, wanaotangaza kwamba GL-5 "inakula shaba" kana kwamba ringi zitayeyuka kabla ya kufika Jinja. Ni kweli kwamba salfa inaweza kuishambulia shaba, hasa oili inapopata moto sana, na kwamba ringi za sinkro za magari mengi ya zamani ni za shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Lakini viongezi vya siku hizi vimepunguzwa ukali kuliko vya zamani, na tena kuna vitabu vya Toyota za zamani vinavyoruhusu GL-4 au GL-5 katika giaboksi. Hasara ninayoiona mara nyingi huja kwa njia nyingine: ringi haishiki, dereva analazimisha, ringi inasagika. Siku ya kumwaga oili, itazame boliti ya chini. Uji mweusi ulioganda kwenye sumaku yake ni unga wa chuma, na ukiwa kidogo ni jambo la kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu linalometameta ndani ya beseni, ambalo sumaku hailivuti, ni ringi zako. Na kabla hujaigusa boliti hiyo ya chini, hakikisha ile ya kujazia imefunguka, kwa sababu ukimwaga kwanza kisha ukaikuta imeshikwa na kutu, gari halitatoka gereji siku hiyo.

Kuhusu namba 90 inayoandikwa kwenye kopo kuonyesha uzito wa oili nitasema machache. Watu huamini kwamba oili ya 90 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 40 ya injini, ilhali hizo ni rula mbili tofauti za SAE, chama cha wahandisi wa magari, na 90 ya gia huangukia mahali pamoja na 40 au 50 ya injini. Ile 75 yenye herufi W huhusu baridi, ambayo Kampala haitusumbui na Kabale hutusumbua kidogo tu. Anayekushauri utie 140, iliyo nzito zaidi, ili giaboksi inyamaze anakufichia beringi iliyokufa.

Ushahidi kwamba namba ya GL si cheo unapatikana kwa watengenezaji wenyewe. Subaru ya gia za mkono hudai GL-5 ndani ya giaboksi, kwa sababu difu yake ya mbele ni ya haipoidi na imo katika nyumba hiyohiyo, ikinywa oili ileile. Giaboksi za Honda nyingi za zamani zilijazwa oili ya injini, na giaboksi ya LT77 ya Land Rover hutumia oili ya giaboksi za otomatiki, isiyo na namba ya GL hata moja. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Kwa hiyo kijana yule hakunidanganya, maana tano ina dawa nyingi kuliko nne. Nilichukua makopo mawili ya tano, kwani difu ya pikapu nayo ilikuwa inasubiri, kisha nikamwomba tena matatu ya nne kwa ajili ya giaboksi. Nilimwambia tu kwamba mteja mwingine akija, aanze kwa kumuuliza ni tundu lipi anakwenda kulijaza.