Setilaiti Huonaje Radi Mchana Kweupe?

Dhoruba ikitazamwa kutoka angani saa sita mchana, radi haionekani. Kilele cha wingu huakisi jua kwa ukali hata mmweko ulio ndani yake ukamezwa. Kamera ya kawaida haifui dafu hapo.

Dawa yake ni kuchagua rangi moja. Radi huipasha hewa joto la maelfu ya digrii, na atomu za oksijeni zikatoa mwanga mkali wenye urefu wa wimbi wa nanomita 777.4, wekundu ambao jicho huuona kwa shida. Kifaa cha kutambua radi kiitwacho GLM, kilichorushwa ndani ya GOES-16, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, mwaka 2016, kina kichujio kinachopitisha upana wa takriban nanomita 1 tu hapo, hivyo karibu jua lote hubaki nje. Kisha hupiga picha takriban 500 kwa sekunde. Mwanga wa kawaida wa kila pikseli (nukta ya picha) huondolewa kwenye picha mpya, na kinachozidi kiwango kilichowekwa ndicho hutumwa duniani. Milisekunde 2 kwa picha zina sababu: ukirefusha muda, jua huendelea kujaza pikseli ilhali mmweko umeshazimika.

Hata hivyo kifaa hudanganyika. Chembe yenye nishati kubwa ikigonga kitambuzi huacha nukta mithili ya radi. Jua likimeta juu ya maji, vivyo hivyo. Ndiyo maana nukta pweke hutupwa.

Na kinachotokea juu ya wingu? Hapo mbinu hugeuzwa. ASIM, chombo cha Ulaya kilichofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, kina kipimamwanga cha nanomita 777.4, na pia cha urujuanimno, nanomita 180 hadi 230. Miali hiyo hufyonzwa na oksijeni na ozoni, kwa hiyo ile ya radi yenyewe, iliyo chini, haifiki. Kipimo cha urujuanimno kikipanda ghafla, chanzo kiko juu ya wingu. Mara nyingi ni elvesi: pete ya mwanga inayotanuka mamia ya kilomita, kwenye kimo cha kilomita 90 hivi, pigo la sumakuumeme la radi linapogonga sakafu ya ionosfea, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme. Huisha ndani ya milisekunde 1, ndiyo sababu kipimamwanga husoma mara 100,000 kwa sekunde.

Kuna na kipimamwanga cha tatu, cha nanomita 337, rangi ya nitrojeni. Kipimo chake kikipanda ghafla huku kile cha 777.4 kimetulia, hewa haikupashwa joto: ni cheche baridi za buluu, karibu na kilele cha wingu.