Je, wajua kwa nini maji kwenye boti ya zamani hayavuji pale unapoyaona?

Mwenye boti ya zamani yeyote ashawahi kufanya hili. Anakuta kona ya godoro imelowa, anainua macho anaona dirisha, anasema hapa hapa ndo panavuja, anachukua tyubu ya silikoni anapaka fremu yote kuzunguka mpaka inang'aa, mvua inanyesha tena na godoro ni lile lile na kona ni ile ile. Anaongeza silikoni. Mimi dirisha moja nimelipaka mara tatu kabla sijakubali kwamba halina kosa lolote, maji yalikuwa yanaingia kwenye bolti ya reli ya kushikia kule mbele karibu na omo, yanatembea juu ya dari ya ndani kama mita mbili hivi, halafu yakifika kwenye skrubu ya fremu ya dirisha ndo yanaamua kudondoka.

Sasa kwa nini yanatembea hivyo? Kwa sababu boti sio ndoo. Ndoo ina ukuta mmoja, ikitoboka tundu unaliona hapo hapo. Boti ya faiba mara nyingi ina ganda la nje na ganda la ndani la kupendezesha, katikati kuna uwazi, nyaya, mbao na mataruma (zile mbavu za boti), na tone la maji likishapenya kwenye bolti halidondoki moja kwa moja, linang'ang'ania upande wa chini wa sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, au linafuata waya mpaka likutane na kizuizi. Tena ukihamisha betri au matanki yakijaa upande mmoja, boti inainama kidogo na maji yanabadilisha njia, kwa hiyo wiki hii yanatokea kushoto na wiki ijayo kulia, na we unadhani una matundu mawili. Afu kuna sitaha ambazo katikati yake kuna balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi iliyofunikwa faiba juu na chini, hizo ndo balaa kabisa, mbao inakunywa maji kimya kimya miezi na miezi na ukija kuona dalili tayari sehemu kubwa imeoza na ukikanyaga panabonyea.

Ndo maana mafundi waliozoea hawakuulizi "panavuja wapi", wanakuuliza "panavuja saa ngapi". Wapi inadanganya, saa haidanganyi.

Kabla ya kitu chochote kausha ngama, yaani kule chini kabisa ambako maji yote ya chombo hujikusanya. Toa maji yote, osha mafuta na sabuni, malizia na sponji na matambara mpaka pawe pakavu kabisa, kwa sababu kwenye ngama yenye maji na grisi huwezi kuona mchirizi mpya hata uwe na tochi ya namna gani. Pakishakauka, tandika karatasi za kujifutia chini ya kila kiungo, au nyunyiza unga wa chaki kwenye mbao za chini, maji yakipita yanachora njia yenyewe na we unaifuata kurudi nyuma kama unafuata nyayo. Halafu subiri. Kusubiri ndo kazi ngumu kuliko zote, watu wengi wanaanza kufungua vitu dakika ya kumi.

Kama boti iko baharini, kujua maji ni ya aina gani kunakupunguzia nusu ya kazi. Wapo wanaoonja, mimi sikushauri uonje maji ya ngama, kuna dizeli humo na vitu vingine usivyotaka kuvijua. Chukua matone machache pale yanapodondoka, weka kwenye kipande cha kioo yakauke: yakiacha ukungu mweupe wa chumvi hayo yametoka baharini, yakikauka karibu safi hayo ni mvua au ni tanki lako mwenyewe. Ziwani ujanja huu haufanyi kazi maana nje na ndani yote ni maji baridi yasiyo na chumvi, hapo sikiliza pampu ya maji ya kuoga, kama inastuka yenyewe usiku na hakuna aliyefungua bomba basi kuna kiungo kinavuja kwenye mfumo wa ndani. Na ukiwa na hita ya maji, angalia ile valvu yake ya kupunguza presha, maji yakipata moto yanatanuka na valvu inatema kidogo, na kama bomba lake linaishia ngamani unaweza kuhangaika mwezi mzima unatafuta tundu ambalo halipo.

Haya, saa. Kama maji yanaingia boti ikiwa imetulia tu, injini imezimwa na hakuna mvua, basi tatizo liko chini ya mstari wa maji na hilo usilicheleweshe hata siku moja. Tundu la upana wa milimita 25 likiwa sentimita 30 chini ya maji linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Na angalia hesabu yake inavyokwenda: upana wa tundu ukizidi mara mbili maji yanaongezeka mara nne, ila kina kikizidi mara mbili hayafiki hata mara moja na nusu, kwa hiyo unene wa bomba lililochomoka ndo wa kuogopa kuliko lilivyo chini kiasi gani. Pampu nayo usiitegemee sana, namba kubwa iliyoandikwa juu yake mara nyingi imepimwa bila kupandisha maji kwenda juu, na betri ikiisha imekuwa pambo.

Hapo kagua kila valvu na kila mpira wa maji unaopita kwenye ganda. Shika mpira uuminye, ukiwa mgumu kama mbao au unapasuka kwenye mkunjo, toa. Zungusha klipu za chuma uone upande wa chini, maana juu zinang'aa na chini zimeliwa na kutu, weka mbili kila ncha kama shingo ya kiungo ina urefu wa kutosha. Ukikwaruza kiungo cha shaba nyeupe ukaona rangi ya waridi, ujue zinki imeshaliwa imebaki shaba tupu yenye vitundu, inaweza kuvunjika kwa mkono. Na funga kigingi cha mbao laini cha kuzibia tundu kando ya kila valvu, siku mpira ukichomoka hutakuwa na muda wa kutafuta.

Ila mshukiwa namba moja kwenye boti za zamani zenye injini ndani ni glandi, pale shafti ya propela inapotoka nje. Hapa watu wengi hawaelewi: glandi ya zamani ya pakingi imetengenezwa ivuje. Ndani kuna duara tatu au nne za kamba ya kitani iliyoloweshwa mafuta, nati kubwa inazibana kwenye shafti, na yale matone ndo yanayoipoza shafti isiungue. Inatakiwa ikitulia isidondoshe au idondoshe kidogo sana, na ikizunguka matone mawili matatu kwa dakika. Kama ni tone moja kila sekunde, hiyo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, kaza nati kidogo kidogo, robo ya mzunguko halafu ujaribu, na gusa glandi yenyewe baada ya safari, ikiwa ya moto umekaza mno na utaila shafti. Shafti yenyewe usiiguse ikiwa inazunguka, inakamata nguo kabla hujashtuka. Ikifika mahali unakaza na bado inavuja, pakingi imekufa, toa zote mpaka ya mwisho kabisa kule ndani (hiyo ndo watu wanaisahau), kata mpya moja moja na usipange maungio yake mstari mmoja, ukipanga hivyo umeyatengenezea maji ngazi. Hiyo kazi boti ikiwa nchi kavu, tafadhali. Na ule mpira mnene unaoshika glandi uangalie kwa jicho kali, ukipasuka huo boti inakwenda chini.

Zile boti ambazo injini iko ndani lakini mguu wa propela umening'inia nje nyuma hazina glandi hii, zina mipira ya makunjo. Nyufa zake zinajificha ndani ya makunjo, kwa hiyo lazima uupandishe mguu na uuzungushe kushoto kulia ndo uone, na chaza wakiota humo wanaukata kama wembe. Mpira wa namna hii haubandikwi kiraka, unabadilishwa.

Maji yakija injini ikiwaka tu, acha ganda, fuata maji ya kupoza. Pampu yake ina kitundu kidogo kwa chini kati ya sili mbili, kikidondosha maji sili imekwisha, na hapo usikizibe! Kiliwekwa kikuambie, na ukikiziba maji yanakwenda kwenye beringi au kwenye oili. Pitisha mkono pia kwenye mpira wa ekzosi, maana nao unabeba maji. Kuna kingine cha ajabu, maji yanaingia safari ikiisha, injini ikishazimwa: hapo ni mnyonyo, bomba la kutolea maji mdomo wake uko chini sana au ile valvu ndogo ya kuingiza hewa kwenye kona ya juu ya bomba imeziba kwa chumvi, basi maji ya nje yanajivuta yenyewe kuingia ndani. Hata pampu ya ngama inaweza kufanya hivi, inatoa maji ikizima yanarudi, na mwenye boti anashangaa mbona pampu haipumziki.

Boti za mbao zina tabia yake. Zikikaa nchi kavu mbao zinasinyaa, siku ya kwanza majini zinavuja kila mahali, halafu zinavimba zinajifunga. Ukitia kalafati, yaani nyuzi za kuziba kati ya mbao, kwa nguvu wakati mbao zimekauka, zikija kuvimba hazina pa kwenda, zinaweza kuvunja mataruma au kung'oa misumari. Tia ya kiasi, zipe siku kadhaa majini huku pampu iko tayari, ndo uhukumu.

Turudi kwenye mvua, maana ndo inayosumbua wengi. Kipimo ni mpira wa bustani lakini uanzie chini. Ukianzia juu maji yanateremka yanalowesha kila kitu na hujui ni kipi kimeingiza. Mwagia sehemu moja dakika kumi hivi bila presha kubwa, mtu mwingine yuko ndani na tochi anatazama, halafu panda sehemu inayofuata. Ukishashuku bolti fulani, ifunike na utepe wa karatasi wenye gundi usubiri mvua: pakikaa pakavu umempata. Njia nyingine nzuri ni kufunga milango na matundu yote, kupuliza hewa ndani kwa kipulizo cha kawaida, na kupaka maji ya sabuni juu ya sitaha, pale panapotoa mapovu ndo panapopitisha.

Kuziba ndo watu wanapoharibu. Kupaka silanti, yaani gundi ya kuzibia maji, juu ya kifaa ambacho hakijang'olewa ni kupaka poda kwenye kidonda, tena unaweza kuyazuia maji yasitoke wakati njia ya kuingilia umeiacha. Ng'oa kifaa chote, kwangua gundi ya zamani pande zote mbili. Kama sitaha ina mbao katikati, panua tundu, toa mbao iliyooza, acha pakauke sawasawa, jaza epoksi nzito, ikigumu toboa tundu jipya katikati ya epoksi, hapo hata silanti ikija kuchoka maji hayaigusi mbao tena. Panua kidogo mdomo wa tundu kwa juu ili silanti ikae kama pete kuzunguka bolti. Na unapokaza, zuia bolti isizunguke, kaza nati kwa chini, usimalize silanti yote kwa kuibana mpaka ikatoka nje, ikibaki nyembamba kama karatasi inapasuka boti ikijinyonga kwenye mawimbi.

Aina ya silanti ina maana yake. Polisalfaidi ni nzuri kwa sitaha lakini inakula baadhi ya plastiki, madirisha ya akriliki usiyaguse nayo. Poliyurethani zile kali zinashika milele, ukiweka kwenye kifaa utakachotaka kukitoa baadaye utang'oa na faiba yake. Utepe wa butili hausumbui na unakaa laini miaka mingi, lakini wa juu ya maji tu. Silikoni ina kazi zake, ila inaacha utando ambao hakuna kingine kinachoshika juu yake, kwa hiyo lile dirisha langu nililolipaka mara tatu nililikwangua siku nzima.

Na kama umeziba kila kitu na ukuta wa ndani bado una unyevu asubuhi, bandika kipande cha foili ukutani, kizibe pembe zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kiache usiku kucha. Maji yakiwa nyuma ya foili, yanapita ukutani, rudi kwenye mpira wa bustani. Yakiwa mbele ya foili, hiyo ni pumzi yenu mliolala humo imegota kwenye ukuta wa baridi, fungua kidirisha.