Makamasi ya kijani si cheti cha kununua antibiotiki

Kila msimu wa mafua ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: "Kamasi likishageuka kijani, hayo ni bakteria. Anza antibiotiki mara moja." Si kweli.

Rangi ile inatoka mwilini mwako mwenyewe. Virusi vya mafua vikivamia pua, seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hukimbilia hapo kwa wingi. Ndani yake mna kimeng'enya chenye madini ya chuma, kinachosaidia kutengeneza kemikali kali ya kuua vijidudu, nacho chenyewe kina rangi ya kijani. Seli hizo zikifa na kuchanganyika na ute, kamasi huwa la njano, kisha kijani. Hutokea kwa virusi na kwa bakteria vilevile.

Jiangalie mwenyewe: kamasi la alfajiri, lililolala puani usiku kucha, huwa zito na lenye rangi zaidi kuliko la mchana. Ugonjwa ni uleule.

Kuchanganyikiwa ni rahisi. Rangi inabadilika, mtu anameza amoksilini, siku chache baadaye anapona, sifa inakwenda kwa dawa. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Antibiotiki haziui virusi, na zikitumika ovyo bakteria huwa sugu. Siku mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa inaweza kugoma.

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Wahi kituo cha afya ukiona homa isiyoshuka, kupumua kwa shida, maumivu makali usoni, au nafuu iliyokuja kisha hali ikazidi tena.