Vipimo vinasema mzima, moyo bado unaenda mbio

Nimepima malaria, presha na moyo, vyote safi. Mbona bado naumwa?

Unaumwa kweli, hujitungii. Wasiwasi ukizidi, mwili hujiandaa kukimbia hatari isiyokuwepo: moyo unadunda, pumzi zinakata, mikono inatetemeka, tumbo linavurugika. Wengine hushikwa ghafla wakadhani wanakata roho. Hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hutulia. Ila kifua kikiuma kwa mara ya kwanza, kimbilia hospitali kwanza.

Nani asiye na wasiwasi?

Hakuna. Lakini wasiwasi wa kodi huisha kodi ikilipwa. Ugonjwa ni pale jambo moja likiisha moyo unatafuta jingine, karibu kila siku, kwa miezi 6 au zaidi, usingizi umepaa, na umeanza kukwepa watu au safari.

Nasikia wasiwasi huu hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu. Tiba ya mazungumzo ni kupewa mawaidha?

Hapana, na wengi huacha mapema kwa kudhani hivyo. Ni kazi. Chukua mama aliyeshikwa na hofu ndani ya daladala iliyojaa. Tangu siku hiyo anakwenda sokoni kwa miguu. Mtaalamu hamwambii "jikaze". Wanaliandika wazo linalomjia, "nitaanguka, watanikanyaga", kisha wanaliuliza: limetokea mara ngapi? Halafu wanapanga hatua. Wiki hii akae kituoni tu, aangalie magari. Ijayo apande kituo kimoja, mchana, gari likiwa na nafasi. Mwishowe asubuhi ya kugombania mlango. Hofu ikipanda, mama hamwambii konda "shusha". Anabaki kitini mpaka ishuke yenyewe. Hapo mwili unaanza kuamini kwamba daladala haiui. Usitegemee kikao kimoja. Mara nyingi ni 10 na kuendelea.

Naanzia wapi?

Kituo cha afya cha karibu. Useme wasiwasi wenyewe, usiishie kwenye "kichwa kinauma", ukaombe rufaa ya afya ya akili. Huduma ipo hospitali ya Muhimbili Dar es Salaam, ipo Mirembe Dodoma, ipo Mathari Nairobi. Anayekwenda huko si chizi, ni mgonjwa anayejitibu. Dua na maombi yaendelee, tiba nayo iendelee.

Na vidonge?

Daktari anaweza kukuandikia dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, usijinunulie dukani: mwili huizoea upesi, na kuiacha ni mateso. Na kama umeanza kufikiria kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo hii, na asikuache peke yako njiani.