Wasifu, potifolio na riili ni vitu vitatu

Hapa Bagamoyo, vijana wanaoomba kazi za animesheni na usanii wa gemu husema "nimetuma potifolio" kumbe wametuma CV yenye picha, au "nimetuma CV" kumbe ni video. Wasifu, yaani CV, humweleza mwajiri wewe ni nani, unafanya kazi gani na umeifanyia wapi. Potifolio ni kazi zenyewe, zilizochaguliwa. Riili ni video fupi ya kazi zenye mwendo.

Mpaka unaovukwa mno ni ule wa CV na potifolio. CV nyingi za wachoraji hutoka stesheneri zikiwa na fremu ya maua, picha ya pasipoti na michoro sita iliyobanwa pembeni. Michoro ikibanwa hivyo haionekani vizuri, na faili huwa zito hadi fomu ya maombi inalikataa. Kampuni nyingi hupitisha maombi kwenye programu inayosoma maandishi tu. Safu mbili huweza kuivuruga, na jina lililowekwa kama picha hailioni kabisa. Kujipima ustadi kwa "Blender 85%" (Blender ni programu ya kuunda maumbo ya 3D) nako hakusemi kitu: asilimia 85 ya nini? Andika ukurasa 1 wa PDF, safu moja: jina, kazi unayoomba, baruapepe, linki, uzoefu, programu unazotumia, masomo. Dini, hali ya ndoa na tarehe ya kuzaliwa, tulivyozoea kuviandika, viache unapoomba Uingereza au Marekani. Waajiri wa huko hawavitaki, kwa kuogopa kesi za ubaguzi.

Aliyesoma maigizo TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, asiyafiche. Kumpa mhusika uhai ni kuigiza, na studio zinalijua hilo.

Kuna jambo ambalo CV hulifanya na picha haiwezi: kutenga mkono wako na mikono ya wenzako. Gemu moja hupita kwa mjenzi wa mazingira, muundaji wa wahusika, anayewawekea mifupa na anayewatembeza. Kwa hiyo "nilishiriki kutengeneza gemu" ni sentensi tupu. Linganisha na hii: "Nilijenga na kupaka rangi majahazi 3 na nyumba 6 za Mji Mkongwe kwa Blender na Substance Painter, kila jahazi pembetatu 12,000, niliyaweka mwenyewe ndani ya Unity." Substance Painter ni programu ya kupaka rangi maumbo, Unity ni injini ya gemu, yaani programu ya kuundia na kuendeshea gemu, na pembetatu ni vipande vidogo vinavyounda umbo: zikizidi, gemu huwa nzito. Msomaji ameshajua umefanya nini, kwa zana gani, na kwamba unaelewa gemu ina kikomo cha uzito. Kama kazi bado ni siri ya mteja, omba ruhusa kabla hata ya kuitaja.

Riili ni ya animeta hasa. Sekunde 60 hadi 90 zinatosha, kipande bora kikitangulia, kwa sababu mtazamaji anaweza kuizima mapema. Kipande dhaifu kitoe hata kama kilikula miezi: kikibaki, mwajiri atadhani huoni tofauti. Jina na baruapepe viwepo mwanzo na mwisho, na kila kipande kiwe na maelezo ya ulichofanya wewe. Muziki si lazima, wengi hutazama bila sauti. Anayejenga vitu au kuchora mazingira anahitaji zaidi potifolio ya picha, kwa mfano kwenye ArtStation, tovuti ya wasanii kuonyesha kazi zao: kitu kilichokamilika, mistari mitupu ya umbo lake, na kikiwa ndani ya injini ya gemu.

Kwa hiyo ndugu mwenye CV yenye michoro sita, usiitupe. Ile michoro ihamishie kwenye potifolio, na mahali pake kwenye CV weka linki moja. Ifungue kwanza kwa simu ya mtu mwingine: linki ya Google Drive inayodai ruhusa humfungia nje mtu uliyemwomba atazame.